Nilimwita Wifi Yangu Mwizi kwa Sababu ya Siku Saba za Bure

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya pazia la kupimia nguo, hapa dukani kwangu, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimetoka, maana nyumbani siwezi kuandika, mume wangu ameniambia neno hili lisitoke mdomoni mwangu tena, na mimi kifua kimejaa, nikikaa nalo wiki nyingine moja nitapasuka.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, nina miaka thelathini na tisa, na huu ni mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yangu. Tuliishi na wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ambaye nilimkuta bado anasoma, nikamlea kama mdogo wangu wa tumbo moja, na alipopata kazi ya ukeshia katika duka la vifaa vya ujenzi ni mimi niliyemsindikiza siku ya kwanza kwa sababu aliogopa kuingia peke yake, na sisemi haya unisifu, Shangazi, nasema ujue nilikuwa na mtu gani. Yeye ndiye alikuwa ananitolea hela benki, kwa kuwa mashine iko jirani na kazini kwao na mimi siwezi kuacha duka, kwa hiyo kadi yangu alikuwa anashinda nayo, namba ya siri anaijua, na kwa miaka minne hakuna siku niliyokosa hata kidogo, alikuwa ananiletea hela zangu zimekunjwa ndani ya kile kikaratasi cha mashine ili nihakikishe.

Sasa mwaka jana nilipata kazi kubwa ya harusi, bibi harusi na wasichana sita wa kumsindikiza, na mama wa bibi harusi alikuwa mtu wa haraka na wa maneno, akanionyesha mtindo kwenye simu yake akasema, "Fundi, kama huu huuwezi sema sasa hivi, nimpelekee mwingine." Nikamwambia naweza, na hapo hapo, yeye kanisimamia kichwani, nikaingia kwenye simu yangu nikatafuta, ikaja programu moja yenye michoro ya kukatia nguo za kila aina, juu imeandikwa kwa herufi kubwa Siku Saba Bure. Ikaniomba namba za kadi, na kadi siku hiyo nilikuwa nayo, chini wameandika ni uthibitisho tu, leo hutakatwa chochote, na kweli siku hiyo sikukatwa chochote. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali, bila kusoma, mchoro ukafunguka, nikakata nguo, harusi ikapita nikasifiwa, na siku ya tano nikaifuta ile programu kwenye simu maana ilikuwa inajaza nafasi, nikajua yameisha, hata jina lake nikalisahau.

Nilikuwa naweka akiba ninunue cherehani ya kudarizi. Baada ya miezi mitano nikamwambia wifi anitazamie salio, akaniletea kikaratasi, nikaona pengo, na pengo si dogo, ni kama magauni manne mazima niliyoshona yameyeyuka, na meseji za benki sikuwa nazipata kwa sababu zilikuwa zinakwenda kwenye laini yangu ya zamani iliyopotea pamoja na simu, na kila wiki nilikuwa nasema nitakwenda kuibadilisha. Sikwenda benki kuuliza, Shangazi. Foleni ya benki unaijua. Nilimtazama mtu aliyekuwa karibu.

Na ukishaanza kumtazama mtu hivyo unaona kila kitu, nikaona viatu vipya, nikaona blauzi ambayo siijui, nikaona anazungumza na simu akiwa amenipa mgongo, kumbe anazungumza na mchumba wake, fundi umeme mmoja kijana mpole, walikuwa wamebakiza miezi mitatu kufunga ndoa, na gauni la harusi nilikuwa nalishona mimi mwenyewe, kitambaa alinunua kwa mshahara wake.

Jumapili moja mchana, mama mkwe alikuja kututembelea, mume wangu yupo, wifi anapiga pasi nguo zake za kazi, nikashindwa kuvumilia nikamwambia, "Wifi, hela zangu ziko wapi?"

"Hela zipi?"

"Hizo unazozitoa ukidhani mimi sioni."

Akacheka, alidhani namtania, maana sisi ni watu wa utani. Alipoona sicheki akasimamisha pasi, akasema, "Wifi, lini nilikuomba hela ukaninyima, hata nianze kuiba?"

Mume wangu akamwambia, "Jibu ulichoulizwa." Mama mkwe akasema mkoba wa wifi uletwe, ukamwagwa mezani, vikatoka kitana, kalamu, vidonge vya maumivu, kadi yangu ya benki, picha ya mchumba, na risiti ya viatu. Mama mkwe akaishika ile risiti kama ameshika nyoka. "Umenunua na nini?"

"Na mshahara wangu, mama. Nalipa kidogo kidogo."

Mume wangu akamwambia akiri tu, aombe msamaha, mambo yaishie humu ndani, na yeye akatutazama mmoja mmoja akasema, "Nikiomba msamaha kwa kitu ambacho sikukifanya, nitakuwa nimewafurahisha ninyi, na mimi nitabaki nani?" Akazima pasi kwenye ukuta, akakusanya vitu vyake mezani, kadi yangu akaiacha pale pale, akaondoka mchana ule ule na begi moja, na mama mkwe akalia, akasema hakujua kwamba amezaa mwizi, na mimi nikamshika bega nikamwambia pole.

Nikabadilisha namba ya siri. Mwezi uliofuata nikaenda mwenyewe kwenye mashine, hela imepungua tena, na hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza, lakini mimi nikasema amenakili kadi, ana watu wake wa mitandao, na nikawa nasema hivyo kwa yeyote aliyeuliza wifi yuko wapi, na mwenye lile duka la vifaa alipokuja kwangu kukunja pindo la suruali nikamwambia na yeye, kwa nia njema tu, kwamba achunge sanduku lake la hela. Akamtoa kwenye ukeshia akampeleka stoo kuhesabu misumari, baada ya wiki mbili akamwambia asije tena. Mama yake yule kijana naye alinifuata hapa dukani, akaniuliza mwanamke kwa mwanamke, nikamjibu, "Mimi sina la kusema, mama, ila akija kwako funga kabati." Uchumba ukafa. Lile gauni lilikuwa limebaki pindo tu, likawa linaning'inia hapa dukani linanikera, nikalipunguza kifua nikamuuzia bibi harusi mwingine.

Mwezi wa nane tangu harusi ile ndipo nilipokwenda benki, nikiwa na hasira, nikitaka wanipe barua nimpeleke polisi. Karani wa pale, binti mwenye miwani, akafungua akaunti yangu, akasoma, akageuza kioo cha kompyuta nikione. "Mama, hizi hela hazikutolewa kwenye mashine. Zimekatwa mtandaoni, tarehe ile ile kila mwezi. Hujajisajili mahali?"

"Sijajisajili popote."

Jina lililoandikwa pale lilikuwa herufi tu, halina maana, akalitafuta kwenye simu yake mwenyewe, akanionyesha, na nikaiona ile programu ya michoro, juu bado imeandikwa Siku Saba Bure. Akaniambia kwa upole, "Hii ni yako, mama. Ulipewa siku saba bure, zikapita, wakaanza kukata. Kuifuta kwenye simu hakusitishi kitu." Nikamuuliza kama mtu mwingine angeweza kufanya hivyo kwa kadi yangu, nilikuwa bado natafuta mtu, Shangazi, unaona, akaniambia nifungue barua pepe yangu, na risiti zao za kila mwezi zilikuwa humo zote, kwa jina langu. Nikabaki nimekaa mpaka mlinzi akaja kuniomba nimpishe mteja mwingine.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Umeshanifanya nimpoteze mdogo wangu, sasa unataka unifanye na mjinga?" Akasema mama yake ana presha, habari hii itamwua, watu wameanza kusahau, tumtumie wifi hela kimyakimya kwa simu tusiseme ni za nini, siku moja atarudi mwenyewe. Tukatuma. Hazikumaliza saa moja, zikarudi zote na meseji: "Msinitumie tena. Kesho mtasema nimeiba na hizi."

Nasikia anafua mashuka katika nyumba ya wageni, na anaishi chumba kimoja na wasichana wengine wawili. Wale watu wa programu niliwaandikia wakanijibu kwamba nilikubali masharti na hela hazirudi, na mwezi huu wamekata tena. Sasa naomba unishauri, kwanza, nifanyeje nipate hela zangu kutoka kwa hawa matapeli, na pili, je, nimwambie wifi ukweli nikavunja amri ya mume wangu na kuhatarisha afya ya mama mkwe, au ninyamaze na nimsaidie kwa njia nyingine?

Ni mimi,
Fundi Nisiyelala

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba, fundi. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimeanza nikikuhurumia na kumaliza nikiwa nimekasirika, kwa hiyo utanivumilia.

Umeniuliza maswali mawili na la kwanza ni la hela. Sawa, tuanze na hilo, ni jepesi.

Wale watu walikutega. Mtu anayekwambia bure huku anakuomba namba za kadi anajua anachofanya. Mlango wa kuingilia wameuweka barabarani, wa kutokea wameuficha nyuma ya nyumba, na wanategemea mtu kama wewe, mwenye mteja amemsimamia kichwani, asisome. Si wewe peke yako. Kila mwezi napokea barua za namna hii, za walimu, za wahasibu, hata mwanasheria mmoja. Kwa hilo pole sana, na usijiite mjinga.

Fanya hivi leo, kabla hujafunga duka. Ingia tena kwenye ile programu kwa barua pepe yako, tafuta mahali palipoandikwa usajili au malipo, sitisha, na upige picha ya kioo kinachosema umesitisha. Kesho nenda benki, na hiyo foleni upange, mwombe yule binti mwenye miwani aifunge kadi hiyo akupe nyingine yenye namba mpya, na uandike malalamiko kwa maandishi kuhusu makato yote. Huenda wakakurudishia mwezi mmoja au miwili, huenda wasikurudishie chochote. Na namba yako ya simu ibadilishwe pale pale kabla hujainuka kwenye kiti, upate meseji zako. Nimemaliza la hela.

Sasa tuje kwa binadamu.

Wale wa mtandaoni walikuchukulia hela, fundi. Jina la wifi yako hawakuligusa. Hawakumwaga mkoba wake mezani, hawakumwendea mwajiri wake, na hawakumwambia mama wa mchumba wake afunge kabati. Hayo umeyafanya wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umeketi vizuri. Unasema ulimwonya mwenye duka "kwa nia njema tu". Umeitupia sentensi hiyo katikati ya nyingine kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka, lakini nimeiona. Ungekuwa na nia njema ungekwenda benki mwezi ule wa tano, ulipoliona pengo.

Na kuna jambo jingine umelitaja kama si kitu. Kitambaa cha gauni alinunua yeye kwa mshahara wake, gauni umemuuzia mwingine, na hela iko kwako. Soma barua yako upya, taratibu, kama unavyosoma vipimo vya mteja. Humo ndani kuna mtu mmoja tu aliyechukua mali ya mwenzake akaila, na wifi yako si yeye.

Najua inauma. Nimeiandika iume.

Kuhusu mume wako, mwambie hivi, na kama anasoma ukurasa huu basi ajisomee: mjinga ameshakuwa, alikuwa mjinga siku alipomwambia mdogo wake "jibu ulichoulizwa" bila kuuliza yeye mwenyewe hata swali moja. Hakuna atakayemfanya mjinga leo. Anachotaka kukilinda ni sura yake, na bei ya hiyo sura inalipwa na binti anayefua mashuka ya wageni. Amri ya mume inayokutaka umwache mtu asiye na hatia abaki na jina la wizi si ya kutii. Mwambie unakwenda, mwombe muende wote, akikataa nenda peke yako.

Kuhusu presha ya mama mkwe, naona presha hiyo haikukuzuia Jumapili ile kumfanya aamini kwamba amezaa mwizi. Itakuwaje ikuzuie kumwambia kwamba hakuzaa mwizi? Mama huyo analala kila siku na neno hilo. Unayemwonea huruma ni nani hasa, yeye au wewe?

Sikiliza utaratibu, na usiupindue.

Wa kwanza kusikia ni wifi yako, kabla ya mama mkwe, kabla ya mtu yeyote. Mfuate anakoishi siku anayopumzika, usiende kazini kwake kumwongezea maneno. Usimpigie simu na usimtume mtu. Chukua karatasi ya benki yenye tarehe zote. Ukifika usianze na programu, usianze na mteja aliyekuharakisha, usianze na mitandao ya siku hizi. Anza hivi: "Wifi, hukuiba. Mimi ndiye niliyekosea, na nimekuja kusema." Baada ya hapo akitaka kujua ilikuwaje, mweleze. Asipotaka, karatasi mwachie, ataihitaji akiomba kazi nyingine.

Hela ya kitambaa mpe mkononi, umwambie ni ya kitambaa. Usiongeze chochote juu yake. Ukiongeza utakuwa unanunua, na yeye ataona.

Kisha rudi nyumbani, uwakusanye mama mkwe na mume wako sebuleni mle mle, useme ulichokosea kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile. Halafu nenda kwa mwenye duka la vifaa, dukani kwake, wafanyakazi wake wakiwepo, umwambie uliyemchongea hakuwa na kosa. Usimwombe amrudishe kazini. Mwambie tu ukweli, aone aibu yeye mwenyewe. Halafu nenda kwa mama wa yule kijana. Huko napo usiombe uchumba urudi, si kazi yako tena, na pengine binti mwenyewe hamtaki mtu aliyeamini maneno ya dukani bila kumuuliza. Wewe futa ulichokisema pale ulipokisema. Na kila mteja uliyemsimulia habari za "watu wake wa mitandao", akija kuchukua nguo, mwambie. Itachukua miezi. Ulivyochukua miezi kulieneza neno lile, chukua miezi kulikusanya.

Hutalikusanya lote. Hilo nalo lijue kabla hujaanza. Kuna watu hutawapata, wamehama, wamesahau wewe ulikuwa nani lakini wanakumbuka kwamba yule binti ni mwizi. Hilo litabaki, na utaishi nalo.

Sasa, inawezekana sana ukifika pale akufungie mlango. Basi sema ukiwa nje, kwa sauti wenzake wa chumba wasikie, kwa maana hata wao huenda ile habari ya wizi imeshawafikia. Ukimaliza, geuka uende. Usikae kungoja akwambie yamekwisha. Na nakuomba kitu kimoja, fundi: usilie mbele yake. Ukilia ataacha maumivu yake aanze kukubembeleza wewe, ndivyo alivyo, umeniambia mwenyewe ni mtu gani.

Nenda wiki hii. Ukingoja ya pili mume wako atakuwa amekupa sababu mpya. Na wifi yako asipokusamehe, usirudi hapa kuniandikia kwamba ana moyo mgumu. Atakuwa na haki yake, na mimi nitakuwa upande wake.

Shangazi